Nani Kapiga Ngoma Baridi? Tuzo za filamu za ethnografia na maswali yake

Tulikaa uani kwa bibi mmoja pale Magomeni, Bagamoyo, watu kumi na kitu tukiikodolea macho kompyuta iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Vijana waliotoka Dar es Salaam walikuwa wamemaliza kuhariri filamu yao ya dakika 38 kuhusu ngoma ya mdundiko, na mimi ndiye niliyewaandikia manukuu. Picha zilikuwa safi. Droni imepaa juu ya minazi, bahari imetulia kule nyuma, wapigaji wamevalishwa fulana za rangi moja. Dakika ya sita ngoma ikaanza kulia. Bibi akanyanyua mkono.

"Moto uko wapi?"

Tukatazamana. Mwongozaji akadhani bibi anataka kuchemshiwa chai.

"Nyie wajukuu zangu, hiyo ngoma imelia kabla haijaota moto. Nani kapiga ngoma baridi?"

Alikuwa sahihi, na mimi nilijua yuko sahihi, maana picha ghafi zote nilishazipitia wakati wa kutafsiri. Mlikuwa na dakika nne nzima za wazee waliozunguka moto wa makuti. Wanaielekeza ngozi kwenye joto ili ikaze, wanaigonga kwa ncha za vidole, wanatega sikio, wanatikisa kichwa, wanairudisha. Utani wote ulikuwa humo: nani aliharibu mwaka juzi, nani amezeeka mkono, kijana gani bado hajaruhusiwa kuigusa ngoma kubwa. Mhariri alizikata dakika hizo kwa maelezo kwamba zinachosha.

Wiki kadhaa baadaye vijana wale wakaamua kuipeleka filamu yao kwenye shindano moja la nje lenye kundi la filamu za ethnografia, wakaniomba niwasaidie kujaza fomu. Fomu yenyewe haikuuliza kamera ya aina gani wala bajeti kiasi gani. Iliuliza: mlikaa na watu hawa muda gani? Nani anaongea lugha yao miongoni mwenu? Wameiona filamu? Walisema nini? Hapo ndipo nilipoukumbuka ule moto, nikaona kwamba bibi wa Magomeni, ambaye hajawahi kuingia ukumbi wa sinema, alikuwa ameshafanya kazi ya jaji.

Tangu hapo watu wa fani wananiuliza mara kwa mara: hivi hizo tuzo zinapima kitu gani, na kwa nini makala nzuri inaweza kwenda kule ikarudi mikono mitupu?

Tuanze na maneno. Anthropolojia ni elimu inayomchunguza binadamu na jamii zake. Ethnografia ni ile kazi ya kwenda kukaa na watu, kula nao, kujifunza wanavyoongea, halafu kueleza maisha yao kwa namna ambayo wenyewe wakisikia watasema naam, ndivyo tulivyo, au angalau wabishe kwa hoja. Filamu ya ethnografia ni kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa kamera. Kwa hiyo ni filamu ya makala, lakini makala nyingi, hata zilizo bora, si ethnografia.

Chukua kilimo cha mwani pale Mlingotini. Mtu anaweza kwenda siku mbili, akahoji mkulima, mnunuzi na mtaalamu wa bahari, akatoka na makala iliyonyooka kuhusu bei. Hiyo ni kazi ya heshima. Anayefanya ethnografia ataanza na mambo ambayo hayana kichwa cha habari: mama huyu anaingia majini na nani na hawezi kuingia na nani, maji mafu na bamvua vinampangia vipi siku ya kufua na siku ya kwenda msibani, fedha ya mavuno ya kwanza inapita mikono ya nani kabla haijafika dukani. Atakaa mpaka watu wachoke kumwangalia. Kamera ikishazoeleka kama ndoo pale uani, ndipo watu wanaanza kuishi mbele yake.

Majaji wa makala za kawaida hutazama kama kisa kimeshika, kama ushahidi upo, kama picha na sauti vimesimama. Majaji wa ethnografia hutazama hayo pia, lakini macho yao yako zaidi kwenye uhusiano kati ya aliyeshika kamera na aliyeko mbele yake. Sauti ya msimulizi ikitawala toka mwanzo mpaka mwisho, ikituambia "watu hawa huamini kwamba…", wanaanza kukunja uso, kwa sababu watu hawa wana midomo. Tendo lenye hatua saba likionyeshwa kwa hatua mbili zenye kelele, wanauliza tano zilikwenda wapi. Wimbo wa jando ukiwekwa juu ya picha za harusi kwa sababu una mdundo mzuri, kwa jaji anayejua hilo si kosa la uhariri. Ni uongo.

Nikiri na la kwangu hapa. Katika manukuu ya Kiingereza niliandika neno la "mwalimu" kila alipotajwa kungwi. Lilikuwa fupi na lilitosha kwenye mstari. Lakini kungwi si mwalimu tu: ana wajibu unaoendelea mpaka ndani ya ndoa ya mwali wake, na anaweza kumwita mume wa mtu akamkalisha kitako. Nilipolifanya kungwi kuwa mwalimu niliufuta udugu mzima kwa neno moja. Siku hizi naliacha kama lilivyo, mtazamaji alihangaikie mwenyewe.

Sasa, tuzo zenyewe ni za aina mbili, na watu huzichanganya. Zipo zinazotolewa na taifa, yaani serikali inaita filamu za nchi yake na kuzipa nishani. Na zipo zinazotolewa na vyama vya wasomi au matamasha.

Kwa upande wa taifa, mfano wa kusoma ni India. Tuzo za Taifa za Filamu za nchi hiyo zilianza 1954. Filamu fupi na za makala zina upande wao, mbali na filamu ndefu za kuigiza, na ndani ya upande huo, kuanzia tuzo za 32 zilizohusu filamu za mwaka 1984, likatengwa kundi la filamu bora ya anthropolojia na ethnografia. Mshindi alipokea Rajat Kamal, yaani yungiyungi la fedha, pamoja na pesa taslimu ambazo kwa miaka mingi zilikuwa rupia 50,000. Kwa nchi yenye lugha zisizohesabika na jamii za milimani na misituni ambazo sinema za Mumbai hazizijui, lilikuwa jambo kubwa kwamba mtu aliyetumia miaka miwili kurekodi wafumaji wa kijiji kimoja angesimama kwenye hafla moja na nyota wa sinema.

Mambo mawili ya mpangilio ule nayakumbuka zaidi. La kwanza, nishani na fedha zilikwenda kwa mwongozaji na kwa mtayarishaji, kila mmoja na yake. Wafumaji hawakuwa na mstari wao. La pili, kundi hilo halipo tena. Tuzo za 70, zilizotangazwa Agosti 2024, zilikuja na mpangilio mpya uliopunguza makundi, na filamu za namna hii sasa zinagombea ndani ya makundi mapana kama filamu bora ya makala au filamu bora ya sanaa na utamaduni. Karibu miaka 40 ya kundi la peke yake, kisha likamezwa. Nitalirudia hili, kwa sababu wapo wenzetu wanaotaka Tanzania ianzishe kundi kama lile kana kwamba likianzishwa tu kazi imekwisha.

Upande wa wasomi, anayesikika sana ni Royal Anthropological Institute ya Uingereza, chama cha tangu 1871. Tuzo yao ya kwanza ya filamu, mwaka 1980, ilikwenda kwa filamu iliyopigwa hapa hapa Afrika Mashariki: The Wedding Camels ya David na Judith MacDougall, kuhusu Waturkana wa kaskazini mwa Kenya. Kisa chake ukikisimulia kwa mtu wa Bagamoyo hakitashangaza: mzee Lorang anamwoza binti yake Akai, na pande mbili zinabishana kuhusu mahari. Ngamia wangapi, ng'ombe wangapi, shangazi apate nini, nani hakushirikishwa. Hakuna anayepigana, hakuna anayeimba wimbo wa kuaga jua. Watu wanakaa chini ya kivuli wanabishana, wananuna, wanarudi. Watengeneza filamu wenyewe wanaonekana kutokuwa na hakika nani anasema kweli, na hawakuificha hali hiyo. Waturkana wanaongea Kiturkana na maneno yao yanaandikwa chini ya picha. Leo tunaona kawaida, lakini wakati ule filamu nyingi kuhusu Waafrika zilikuwa bado na sauti ya Mzungu ikieleza juu juu huku midomo ya wenyeji ikicheza bila kusikika. Kazi yangu ya manukuu, kwa namna fulani, imezaliwa hapo.

Usidhani lakini kwamba kupewa tuzo ni ushahidi kwamba watu waliopigwa picha wametendewa haki. Mwaka 1954 Mfaransa Jean Rouch alipiga picha jijini Accra ibada ya wahamiaji kutoka Niger waliokuwa wakipandisha pepo wa Hauka. Pepo hao hawakuwa wa mizimu ya kale. Walikuwa gavana, jenerali, dereva wa treni, yaani wakubwa wa kikoloni wenyewe. (Mtu wa pwani aliyewahi kuona pepo anadai sigara na kofia ya askari hatahitaji maelezo.) Filamu hiyo, Les Maîtres fous, ilipoonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza, Waafrika waliokuwamo ukumbini walikasirika, na Marcel Griaule, aliyekuwa mwalimu wa Rouch, akataka iharibiwe. Waingereza wakaipiga marufuku Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mwaka 1957 ikapata tuzo Venice.

Nani alikuwa sahihi? Wengine wanaiona kama filamu ya dhihaka dhidi ya ukoloni, wengine wanaona Waafrika wametolewa povu ili Ulaya istaajabu. Miaka minane baada ya Venice, mwaka 1965, Ousmane Sembène, mwongozaji wa filamu kutoka Senegal, alimwambia Rouch uso kwa uso kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Neno hilo halijafutika. Kila jaji wa filamu hizi, awe amelisoma au la, analibeba kichwani: huyu mtu aliyeko kwenye picha anatazamwa kama nani?

Na sisi huku tuna historia yetu ya kutazamwa. Ukipanda kutoka Korogwe kuelekea milima ya Usambara, mkoani Tanga, utafika Vugiri. Kati ya 1935 na 1937 hapo ndipo palipokuwa makao ya mradi wa sinema wa wakoloni, uliofadhiliwa na Carnegie Corporation ya New York na kuongozwa kwa upande wa upigaji picha na Meja Notcutt, mtu aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge. Walitoa filamu 35. Sauti zilikuwa kwenye santuri, zikipigwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa. Gari la maonyesho lilizunguka nchi. Mada? Kodi, minyoo ya safura, benki ya posta, chai, kahawa. Wenyeji waliigiza ndani yake, mara nyingi mmoja akiwa mjinga na mwingine mwerevu anayefuata maelekezo.

Zile hazikuwa filamu za ethnografia hata kidogo, lakini nazitaja kwa sababu zilitufundisha tabia ambayo haijatutoka: kwamba kamera ikija kijijini, imekuja kufundisha. Tazama makala nyingi za miradi zinazopigwa leo. Kijiji kina tatizo, mradi unafika, mama anatabasamu kando ya bomba. Ukizipeleka kwenye kundi la ethnografia zinarudi, na waliozitengeneza wanadhani wameonewa.

Kabla ya kamera kulikuwa na kalamu, na kwenye kalamu Bagamoyo tuna mtu wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, aliandika habari za nchi ya Wazaramo na akaandika kwa kirefu desturi za Waswahili wa mrima: uzazi, malezi, jando na unyago, ngoma, pepo, mahari, mazishi. Aliandika akiwa ndani ya nyumba. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kitabu cha desturi kikachapishwa huko Göttingen kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri, ambaye alimtaja Mtoro ndani. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, serikali ya koloni haikukubali aje kuishi huku na mkewe, akabaki Ujerumani mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Jina lake lilipanda kwenye jalada la tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981. Hesabu mwenyewe: miaka 78.

Ndiyo maana swali la nani apokee cheti silioni kuwa la wivu wala la tamaa. Kitu kinachopewa tuzo kwenye filamu ya ethnografia ni maarifa ya watu. Mwongozaji amefanya kazi kubwa ya kuyapanga, sikatai, mimi mwenyewe nimeona vijana wanavyolala chini ya vyandarua vilivyotoboka wakilinda betri. Lakini mdundiko haukutungwa na mwongozaji.

Hapa linaingia tatizo jingine, lililo jipya kwetu kidogo: neno "taifa". Mdundiko ni wa Wazaramo. Ni ngoma ya kutembea. Inamtoa mwali, inaingia barabarani, inapita mitaa, na watoto wanaifuata mpaka wanajikuta mtaa wasioujua na jua limezama. Kuna watu wazima mjini hapa ambao viboko vyao vya kwanza walivipata kwa kufuata mdundiko. Sasa miaka ya 1960 serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na ngoma za makabila zikapandishwa jukwaani. Jukwaa lina sheria zake: wachezaji waelekee watazamaji, ngoma iwe na mwanzo na mwisho, dakika nane zinatosha. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa, na tamasha lake la kila mwaka limekuwa likikusanya watu tangu 1982. Ukikaa kwenye ukumbi wake utaona mdundiko uliochezwa kwa ustadi mkubwa, bila mtoto hata mmoja kupotea.

Sisemi ule ni wa bandia. Ngoma ya jukwaani nayo ni maisha ya watu, ina walimu wake, ushindani wake, majeraha yake ya magoti. Mtu akikaa mwaka mzima na wanafunzi wa chuo akapiga picha jinsi kijana wa Kihaya anavyofundishwa kutikisa kiuno kama Mzaramo, huyo ametengeneza ethnografia ya kweli. Kosa linakuja pale anapopiga ya jukwaani akaiandikia chini "sherehe ya kumtoa mwali". Vijana wetu walifanya nusu ya kosa hilo: zile fulana za rangi moja waliwanunulia wao. Nyumbani mdundiko hauna sare.

Kuhusu sheria nitapita haraka, lakini usiipite wewe. Kupiga filamu nchini kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza. Mtafiti kutoka nje anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi: ukizitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, unatakiwa upate idhini. Watengeneza filamu wengi niliokutana nao wanajua kibali cha kwanza tu. Halafu kuna ruhusa ambayo haimo kwenye sheria yoyote, ile ya wenyewe. Sehemu ya unyago haionyeshwi kwa mwanaume, basi. Ukiipata kwa kificho, jaji makini atajua kwamba umeiba, na umeshinda au hujashinda, Magomeni hutarudi.

Turudi kwa hoja ya kuwa na kundi letu. Tuzo za Filamu Tanzania, zinazosimamiwa na Bodi ya Filamu, zilianza 2021 kule Mbeya. Ng'ambo ya maji, kule Zanzibar, Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limekuwa likitoa Jahazi la Dhahabu kwa zaidi ya miaka 20. Wapo wanaosema filamu za mila zitengewe kikombe chao ili zisikanyagwe na filamu zenye kishindo. Nawaelewa. Filamu ya kubishania mahari haiwezi kushindana kwa kelele na filamu ya mauaji.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kikombe cha mila kina hatari ya kugeuka kibanda cha utalii: Wahadzabe wanaingia, Wamasai wanaingia, wacheza ngoma wa Bagamoyo wanaingia, na watu wa Mikocheni, Dar es Salaam, wanabaki nje kana kwamba wao hawana mila. Wakati mimi sijaona kitu kinachohitaji ethnografia kama kikao cha kamati ya harusi. Mwenyekiti, mweka hazina, ahadi zinazosomwa kwa sauti, mjomba aliyeahidi laki mbili na kutoweka, kadi ya watu wawili na kadi ya mtu mmoja. Miezi mitatu ya vikao, kila Jumapili baa moja. Mtu akiipiga filamu hiyo kwa subira, akaacha watu wamalize sentensi zao, ningempa kikombe chochote kilichopo mezani.

Kwa hiyo ningeanza na fomu. Hata ndani ya kundi la kawaida la makala, ingetosha kuongeza maswali yale manne yaliyotutoa jasho sisi: muda, lugha, kama wamekuja kuiona, na walichosema. Na mstari wa tatu, wa wenye maarifa yao, chini ya mwongozaji na mtayarishaji.

Vijana walirudi kwenye uhariri. Shindano lilikuwa na kikomo cha dakika 40, na filamu ilikuwa 38, na moto ulikuwa wa dakika nne. Kulikuwa na ugomvi wa siku mbili kwenye simu. Mwishowe droni ikashuka: minazi yote ikaondoka, na bahari. Mwongozaji aliniambia alijisikia kama mtu anayekatwa mkono, kisha akakubali kwamba wazee wanavyobishana pale motoni, huhitaji tena kuambiwa na msimulizi nani mkubwa wa ngoma. Akazikata na sentensi sita za msimulizi.

Tukarudi uani, kinu kile kile. Bibi aliangalia mpaka mwisho bila kunyanyua mkono, akaomba sehemu ya moto irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Nikamweleza kwamba sasa tunajaza majina, na kwamba tumeamua kuongeza jina lake kwenye ukurasa wa watengenezaji.

"Msiniandike mimi," akasema. "Mwandikeni aliyenifundisha. Yeye hakuacha hata picha."

Akalitaja jina lote, la mtu, la baba na la babu, na mji alikozikwa. Nikaliandika kwenye fomu, nikabonyeza kutuma, mfumo ukakataa. Kila jina lilitaka barua pepe yake. Tukaangaliana pale, bibi akasubiri. Nikaweka ya kwangu.